Kusali Bila wa Kuniitikia Amina

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu na wadogo zangu, habari za tangu mwaka ule? Naona wengine mnanikodolea macho, mnajiuliza huyu ni yeye au ni mdogo wake. Ni mimi. Ni Konsolata, Mama Deo wa Kibimba kule Ngara, dada yake Edita aliyeolewa hapa Bisibo. Mwaka ule nilisimama hapa hapa, kwenye kigango hiki, nikapaza sauti hadi mbuzi wa jirani wakakata kamba. Leo sauti ile sina. Walioko nyuma sogeeni mbele.

Kabla sijaanza, kuna mapatano niwaeleze. Mnamwona yule mzee aliyekaa karibu na mlango, kofia iko magotini? Ni Mzee Maduhu, mnamfahamu, ni mtu wenu. Tumekubaliana hivi: nikianza kupamba maneno, akohoe. Mimi najijua. Nipe watu kumi wa kunisikiliza, na manyunyu yanageuka kuwa gharika. Kwa hiyo akikohoa msimpe pole, mgonjwa atakuwa ni mimi. Kwa nini nimemchagua yeye na si mwingine, mtaelewa huko mbele.

Nilikuwa mwanamke mwenye nguvu zangu. Mume wangu Silvesta na mimi tuna migomba, tuna maharage, tuna kahawa kidogo. Nilikuwa nalima tangu alfajiri, mchana napika, jioni nakwenda kwenye jumuiya. Kwenye jumuiya yetu mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Na kusali, jamani, nilikuwa najua kusali! Nikiombea mgonjwa, nilianza na kuumbwa kwa ulimwengu, nikapita kwa manabii mmoja mmoja, nikifika kwa mgonjwa mwenyewe maharage jikoni yameshaungua. Watu walikuwa wanasema, "Akisali Mama Deo, lazima ulie." Nami nilikuwa nafumbua jicho moja katikati ya sala nione nani analia na nani bado. Msicheke. Wapo humu wanaofanya hivyo hivyo.

Nyumbani tunaishi na mama mkwe wangu, Mama Skolastika. Huyu ni mwanamke mdogo wa umbo, mkimya, wa kusema neno moja asubuhi na la pili jioni. Kila siku baada ya chakula cha mchana, vyombo vikishaoshwa, alikuwa anachukua kigoda chake, anaingia migombani, anapotea. Anakaa huko muda wa kuivisha chungu cha maharage. Harudi na kuni, harudi na majani ya ng'ombe, anarudi na kigoda tu.

Mimi jambo hili lilinikera. Kwenye jumuiya alikaa pembeni kabisa, zamu ya kuomba ikimfikia anasema, "Bwana, utusikie," basi, imetosha. Nikawa naona haya kwamba mwenyekiti ana mkwe wa namna hiyo. Siku moja nikamwuliza kwa utani, lakini utani wenye miiba.

"Mama, huko unaongea na ndizi?"

"Nasali."

"Si usali hapa nyumbani na sisi tukuitikie?"

Akafuta kigoda chake kwa kiganja. "Hapa kuna watu, mwanangu. Watu wakiwepo najikuta napamba. Kule hakuna wa kumpambia."

Nikacheka. Jioni nikawasimulia wanawake wenzangu, nao wakacheka.

Sasa ugonjwa. Ulianza na kikohozi cha kawaida, nikasema ni moshi wa jikoni. Wiki ya tatu nikasema ni vumbi la kupepeta maharage. Ikifika alasiri, homa inapanda, mwili unatetemeka kwenye jua kali. Nikiamka, kanga imeloa jasho hadi unaweza kuikamua. Kula nikawa siwezi. Silvesta ndiye aliyeniambia, "Mama Deo, sketi inakuanguka." Nikaifunga kwa pini, nikaendelea kuongoza sala huku nakohoa kila baada ya neno la tatu.

Kituo cha afya walinipa kikopo nitemee makohozi. Majibu yalipokuja, nesi aliniketisha nje kwenye benchi. Alikuwa binti mdogo, mpole, anaongea taratibu. "Mama, ni kifua kikuu. Kinatibika. Utameza dawa miezi sita, kila siku, bila kuruka hata siku moja. Na nyumbani fungueni madirisha."

Mimi nilisikia neno moja tu, kinatibika. Mengine yalipita.

Nilianza dawa. Mkojo ukabadilika, ukawa rangi ya machungwa, hata machozi yakawa yanaacha madoa kwenye kitambaa. Nesi alikuwa amenitahadharisha, sikuogopa. Na kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Kumwacha mgonjwa peke yake ni kama kumwambia umeshamzika. Basi jumuiya nzima ilikuwa inajaa ndani, tunafunga madirisha kwa sababu ya baridi ya kilimani, tunaimba, na mimi mgonjwa ndiye ninayeongoza. Nikikumbuka vile vifua vya watu vilivyokuwa vinavuta hewa niliyokohoa mimi, mpaka leo mwili unanisisimka. Mungu ametusitiri, hakuna aliyeambukizwa, wote walipimwa baadaye.

Miezi miwili haijaisha, nikaanza kupona. Njaa ikarudi, pini nikaitoa kwenye sketi. Nesi alipima tena akasema, "Makohozi ni safi, mama, hongera. Lakini bado miezi minne. Wadudu hawajaisha, wamejificha tu." Nikamwitikia ndiyo, ndiyo.

Wiki hiyo hiyo Edita akanipigia simu. Hapa Bisibo mlikuwa na siku ya maombezi, watu wanakuja kutoka kila upande, Wakristo na wasio Wakristo. "Dada, njoo ushuhudie."

Jamani, ningekataaje? Mimi!

Nilikuja. Asubuhi ya siku ile, nyumbani kwa Edita, nilimeza vidonge vyangu vyote kwa maji ya mtungi wake, nimegeukia ukuta watu wasinione. Mnasikia? Nilivimeza asubuhi. Mchana nikasimama hapa, mahali hapa, nikasema, "Nilikuwa maiti inayotembea! Daktari kanikatia tamaa! Leo niko mzima, na vidonge sivihitaji tena, nimevitupa!" Hakuna daktari aliyenikatia tamaa. Sikuwa nimetupa kidonge hata kimoja. Lakini nilipoanza kusema niliona nyuso zenu zinafunguka, nikaona akina mama wanalia, na ulimi ukakimbia peke yake. Mkanipigia vigelegele. Amina yenu ile niliisikia masikioni siku nyingi, na ilikuwa tamu kuliko asali.

Nikarudi Kibimba nikakuta habari zimenitangulia. Watu wananiita mama wa muujiza. Sasa mtu wa muujiza anaendaje kituo cha afya kuchukua vidonge, mbele ya wanajumuiya wanaopeleka watoto kliniki? Nikamtuma Silvesta. Analeta dawa, naweka mdomoni mbele yake, akigeuka natema. Baadaye nikawa simezi wala sitemi, nachukua vikaratasi vile vya dawa vikiwa vizima na vidonge ndani yake, nakwenda navyo migombani, navifukia chini ya mgomba. Mkojo ukarudi rangi yake ya kawaida. Nikasema moyoni, si unaona, nimetakata.

Mnaona kosa langu? Nilikuwa nimedanganya kwa ajili ya Mungu, halafu nikaanza kuishi kwa kuulinda ule uongo. Na mahali nilipochagua kuficha dawa, katika shamba lote la Silvesta, ni pale pale mama mkwe wangu anapoweka kigoda chake.

Akaja jikoni mchana mmoja. "Konsolata, nimeona dawa chini ya mgomba."

"Mama, mimi nimeponywa. Imani yako ni ndogo."

Hakukasirika. Mawe, kama tunavyosema kwetu tukishangaa! Ningekuwa mimi, ningeita kijiji. Alisema tu, "Mimi kama Mungu angeniponya, ningemwambia yeye kwanza asante, halafu ningekwenda kwa nesi apime, ndipo niwaambie watu. Wewe umeanza na watu." Akachukua kigoda chake, akaenda zake. Miezi yote ile aliendelea kuniombea kule kule nilikofukia dawa.

Kikohozi kilirudi mavunoni. Safari hii hakikuja taratibu. Kifua kilikuwa kinachoma upande wa kulia kama mtu amesahau kaa la moto humo ndani. Sauti ikaanza kukwaruza. Nikawa nakunywa tangawizi, naimba kwa nguvu zaidi watu wasigundue. Mpaka alasiri moja ya jumuiya, niko katikati ya sala, nimefika kwa manabii, kikohozi kikanishika na mdomo ukajaa kitu cha moto, cha chumvi. Nikaziba kwa kanga. Ilikuwa kanga nyeupe. Damu ikapita kwenye vidole mbele ya watu wote, na wale wale waliokuwa wanalia nikisali wakarudi nyuma hadi ukutani.

Aliyenijia ni Mama Skolastika peke yake. Akanishika mabega, akamwambia mwanawe, "Mpeleke leo, usingoje kesho. Na daktari mwambieni ukweli. Haya hapa." Akafungua fundo kwenye ncha ya kanga yake, akatoa vikaratasi vyote vya dawa nilivyofukia. Alikuwa amevichimbua, amevipangusa udongo, amevitunza. Silvesta aliviangalia, kisha akaniangalia mimi. Uso wa mume wangu siku ile sitaki kuuona tena.

Hospitalini walipima makohozi kwa mashine. Daktari, mwanaume mtu mzima mwenye miwani, aliviweka vile vikaratasi mezani mbele yangu. "Mama, ugonjwa wako sasa umekuwa sugu. Dawa za mwanzo haziuwezi tena. Tuna dawa nyingine, ni nyingi na ni kali. Na utakaa peke yako kwenye chumba mpaka makohozi yawe safi."

"Peke yangu siku ngapi?"

"Hizi si siku, mama. Jiandae kwa miezi."

Nikamwuliza kama nitakufa. Akavua miwani. "Ukimeza zote, nina matumaini. Ukiruka, sina."

Chumba kilikuwa na kitanda, mlango mmoja na dirisha kubwa lisilofungwa. Nesi anaingia na barakoa, ananiangalia mpaka nimeze cha mwisho, ananifunua ulimi, anatoka. Dawa zile, ndugu zangu! Kichefuchefu mpaka unatapika maji ya njano. Nyayo zinawaka moto, shuka ikigusa vidole unaruka. Ngozi yangu ikabadilika rangi, ikawa nyeusi ya ajabu, hata mikono yangu nikawa naitazama kama ya mgeni. Na ugonjwa ulikuwa umegusa koo. Sauti ikaondoka yote, nikabaki na mnong'ono.

Silvesta alikuwa anakuja, anasimama nje kwenye majani, ananipungia mkono. Jumuiya walikuja mara moja, wakakataliwa kuingia, wakaimba kwa mbali, wakaenda. Nikabaki mimi na kuta nne, mtu ambaye tangu kuzaliwa sijawahi kulala peke yangu kwenye chumba wala kula peke yangu kwenye sahani.

Wiki ya pili akaja Mama Skolastika. Alitoka Kibimba akiwa na kifurushi kichwani. Hakuniimbia, hakuniombea kwa sauti. Alisimama nje ya dirisha na kusema, "Nimekuletea kigoda." Nesi akakiingiza. Kilikuwa kile kile chake, kimelainika katikati kwa kukaliwa miaka yote.

"Na wewe utakalia nini, Mama?"

"Chini kupo."

Mchana ule, nikishakula, nikakaa kwenye kigoda nikasema nami nisali. Nikaanza kama nilivyozoea. Nikamtukuza Muumba wa mbingu na nchi, nikapanga majina yake yote, kwa mnong'ono lakini kwa madoido yale yale. Nikamaliza. Nikanyamaza. Mnajua nilikuwa nasubiri nini? Nilikuwa nasubiri Amina. Haikuja. Kulikuwa na nzi mmoja dirishani, basi.

Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu nikagundua jambo lililonitisha kuliko damu: sikuwa na neno hata moja la kumwambia Mungu. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya watu. Ukiwaondoa watu, mwenyekiti wa jumuiya amekaa kwenye kigoda, mdomo wazi, hana kitu. Nikamkumbuka mama mkwe wangu na sala yake ya maneno mawili, nikaona aibu ya kweli.

Basi nikawa nakaa tu. Siku nyingi nilikaa bila kusema. Mwanzoni nilihesabu mbao za dari. Baadaye nikaacha kuhesabu. Ilikuwa kama kukaa na mtu anayejua kila kitu na hana haraka, na wewe ndiye unayehangaika. Mpaka mchana mmoja likatoka lenyewe: "Mungu, nilidanganya."

Maneno mawili. Hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza, nami ni mtu mzima mwenye watoto wanne. Nikalia siku tatu mchana na usiku, sikula, siku...

Haya, Mzee Maduhu, nimesikia. Nililia mpaka chakula cha jioni kilipoletwa. Na chakula nilikula.

Nilidhani yameishia hapo. Nimetubu, nimelia, Mungu amenisikia, tufunge. Kumbe.

Nje ya vyumba vyetu kulikuwa na benchi kwenye uwazi, na sisi wagonjwa tuliruhusiwa kukaa pale mchana na barakoa zetu, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile. Chumba cha jirani alikuwapo mzee mmoja mfugaji, mrefu, amebaki mifupa. Asubuhi alikuwa ananisalimu, "Mwangaluka, mayu," kwa Kisukuma chao, yaani umeamkaje mama, nami namjibu kwa mnong'ono. Siku moja akaniambia anataka kutoroka.

"Uende wapi, Baba, na hali hii?"

"Nirudi kwa ng'ombe wangu nife. Dawa za nini? Mungu amenikataa."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona mwenyewe. Mimi nilikuwa nameza dawa za kifua vizuri tu. Mke wangu akanipeleka kwenye maombezi kule kwetu Bisibo. Sijabatizwa, mayu, nilimsindikiza tu. Akasimama mama mmoja kutoka Ngara, mama mwenye sauti! Akasema kaponywa, dawa katupa. Nikamwamini. Nikaenda nyumbani nikatupa zangu. Yeye kapona, mimi ninakufa. Maana yake nini? Maana yake Mungu alimtaka yule, mimi hakunitaka."

Alinisimulia mimi hayo. Hakunijua. Angenijuaje? Sura nyeusi, barakoa usoni, sauti hakuna. Nilishika ubao wa benchi kwa mikono miwili. Nikasema, "Pole, Baba," nikaingia ndani nikafunga mlango.

Nikakaa kwenye kigoda. Nikajaribu kumshawishi Mungu kama mtu anayepatana bei sokoni Rulenge. Nisamehe mimi, na huyu mzee umguse wewe mwenyewe, una njia nyingi. Nikasema ni mgonjwa, nikimwambia atashtuka, atakufa. Nikasema nitamwambia nikipona. Watu wakiwepo, ndugu zangu, maneno hayo yanapita vizuri sana, mtu atakwambia una busara. Peke yako hayapiti. Niliyarudia siku tatu, na kila siku yalikuwa yanazidi kuoza mdomoni. Na siku ya nne nesi akaniambia kwa uchungu kwamba jirani yangu amekataa dawa tangu jana.

Sikungoja. Nilitoka na nyayo zangu zinazowaka nikasimama mbele ya dirisha lake.

"Baba, yule mama wa Ngara ni mimi."

Akatikisa kichwa. "Yule alikuwa na sauti."

"Ilikuwa yangu. Na nilidanganya. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimemeza vidonge vyote, nimegeukia ukuta. Kilichokuwa kimeniponya ni vile vidonge, na Mungu ndani yake. Baadaye nikaviacha kwa ajili ya sifa, na sasa niko hapa pamoja nawe, ugonjwa ule ule, dawa zile zile. Ukinipenda au ukinichukia, nimekuja kukwambia hivyo."

Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane. Akauliza kwa sauti ndogo kama ya mtoto, "Kwa hiyo Mungu hakunikataa mimi?"

"Hakukukataa. Aliyekudanganya ni mimi."

Akageukia ukuta. Siku mbili mlango wake haukufunguka, nami sikuthubutu kumwita. Nilikaa kwenye kigoda bila kuomba nisamehewe, niliomba ameze tu. Jambo moja, kwa maneno machache, kama Mama Skolastika. Siku ya tatu nesi alipita dirishani kwangu, akainua dole gumba juu. Amemeza.

Asubuhi iliyofuata akaja kwenye benchi. "Mwangaluka, mayu." Nikalia. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Siku ile ulisema vizuri sana. Ukipona, ukisimama tena mahali popote, mimi nataka niwepo."

Mmeshamjua. Ndiye yule mlangoni.

Tulikaa pale kwa miezi mingi. Akaniuliza siku moja ninafanya nini kila mchana nikifunga mlango, maana hanisikii. Nikamwambia nasali. Akasema, "Na mimi nikikaa hivyo niseme nini?" Nikamwambia, "Chochote, ila kisiwe kile ambacho ungemwambia mtu ili akusifu." Akafunga mlango wake. Alichosema humo ndani sikijui, sikuwahi kumwuliza. Mpaka leo hajabatizwa, na ninawaomba msimsumbue. Asubuhi anasimama zizini peke yake kwa muda kabla hajafungua ng'ombe, mke wake kaniambia.

Makohozi yangu yakawa safi mwezi wa tatu, ya kwake mwezi wa tano. Safari hii niliposikia neno safi, sikumpigia mtu simu. Niliingia ndani nikasema asante kwanza. Halafu nikamwuliza nesi, "Zimebaki siku ngapi za dawa?" Akacheka sana. Nyumbani nilimalizia dawa mbele ya yule nesi wa kituo cha afya, kila asubuhi, benchi la nje, kila mpita njia ananiona. Silvesta alichukua muda kuniamini tena, ni haki yake. Siku daktari aliponiandikia kwamba nimepona, pafu langu la kulia lilikuwa na kovu, na kovu hilo nitazikwa nalo. Mzee Maduhu naye hawezi tena kutembea na ng'ombe hadi malishoni. Hilo nalijua kila ninapomwona.

Nilipotaka kumrudishia Mama Skolastika kigoda chake, alikataa, alikuwa ameshachonga kingine. Sasa baada ya vyombo kuoshwa tunaingia migombani wote wawili, kila mtu na upande wake. Mimi sipiti kwake, yeye hapiti kwangu. Tukirudi hatuulizani kitu. Namwangalia akitangulia na kigoda chake mkononi, mwanamke yule mdogo, na ninasema moyoni, huyu ndiye aliyekuwa anasali katika nyumba yetu miaka yote ile. Sisi wengine tulikuwa tunapiga kelele.

Sisemi jumuiya ni mbaya. Ninakwenda, na ninaimba kwa hiki kisauti nilichobakiwa nacho. Hata Bwana wetu aliwahubiria makutano, lakini alikuwa anawaacha anapanda mlimani peke yake, na mimi nilikuwa nimechukua makutano tu, mlima nimeuacha. Wewe unayekohoa zaidi ya wiki mbili, kapime. Wewe uliyeanza dawa, maliza, na asikwambie mtu kwamba kumeza ni kukosa imani. Mkiniona mimi nasimama mahali nikisema vingine, nizomeeni. Na kila mmoja wenu atafute mahali pake, migombani, zizini, nyuma ya ghala, akae hapo kila siku mahali ambapo hakuna wa kumpambia.

Asante Mungu. Asante Mama Skolastika, ambaye hayupo hapa na hatapenda akisikia nimemtaja.

Nimemaliza, na sitaki vigelegele. Na Amina msiniitikie. Mlinipa kubwa sana mwaka ule, na ilikaribia kutuua wawili. Hii ya leo nendeni nayo, mkaiseme huko mtakakokuwa peke yenu.

Mzee Maduhu, naona unavaa kofia. Umenikoholea mara moja tu. Basi nimesema kweli.